Kabichi ya zambarau kugeuka bluu sufuriani

Pole dada. Unasema kabichi ya zambarau imegeuka bluu sufuriani, na mama mkwe kaisusia akidhani ina sumu. Haina sumu hata kidogo. Rangi ile ni anthosayanini, jamii ileile iliyo kwenye ganda la biringanya, kwenye choya, na kwenye zambarau zinazotia watoto ulimi rangi. Inafuata uchachu: ikikutana na ndimu au siki huwa nyekundu, uchachu ukikosekana huelekea bluu, na magadi yakizidi hugeuka kijani, hata manjano. Sasa, ulitia magadi? Kama hukutia, angalia maji yako. Ya visima vingi yana hali ya magadi, na hayo yanatosha.

Safari nyingine ikate nyembamba, kaanga kitunguu, tia kabichi na ukamulie ndimu mapema. Usiitokose kwenye maji mengi, maana rangi hii huyeyuka majini na utaimwaga pamoja na maji. Moto mrefu nao huififisha.

Bitiruti ni habari nyingine. Wekundu wake ni wa betalaini, jamii nyingine ya rangi, kama wa mchicha mwekundu, ndiyo maana ndimu haiugeuzi hivi.

Hiyo iliyobaki usiitupe. Ikamulie ndimu mbele ya mama mkwe, ukoroge. Wekundu utarudi akiona kwa macho yake.