Nishani kwa askari aliyekemea picha chafu: jibu langu kwa mleta mada

Heshima kwenu wakuu.

Mleta mada kutoka Iringa ameeleza kwamba mdogo wake wa kike ni askari. Aliwakuta wenzake wanarushiana picha za askari wa kike kwenye kundi la WhatsApp, akawakemea humo humo, kisha akaenda kuripoti. Sasa kikosini kuna maneno kwamba atapendekezwa kupewa nishani, na baadhi ya wenzake wamekasirika. Wanasema nishani ni ya waliosimama mbele ya risasi, siyo ya mtu aliyeandika ujumbe kwenye simu. Mleta mada anauliza kama ni haki.

Nimelitumikia jeshi miaka 24 na kustaafu nikiwa staff sajenti. Sehemu kubwa ya utumishi wangu ilikuwa masijala, na siku hizi nalima viazi huku Uyole. Jibu langu ni kwamba ni haki kabisa, ila mdogo wako ajue kuwa nishani za namna hiyo mara nyingi hupita mlango wa jirani. Ninaujua mlango huo kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nachapa karatasi zake.

Raia wengi hudhani nishani hufuata tendo, kumbe hufuata karatasi. Mtu huandika pendekezo, likapanda kutoka platuni hadi kombania, kutoka kombania hadi kikosi, na kuendelea juu. Anayetia saini huko juu hakuona lolote. Anachokiona ni aya moja yenye sentensi nne au tano, na yeyote ambaye jina lake halimo kwenye aya ile, kwa jeshi hakuwepo.

Mwaka mmoja nilikuwa kwenye kikosi ambacho sitakitaja, huku huku nyanda za juu. Vijana walikuwa na kundi lao la simu. Usiku mmoja wa Julai, baridi kali, mmoja akatupia picha za kuruta wa kike zilizopigwa kwa siri mahangani. Wengi walicheka, wengine wakanyamaza. Koplo mmoja wa kike, msichana mpole asiyezoea kusema sana, akaandika: "Hawa ni dada zetu, tumekula kiapo kimoja. Futeni sasa hivi." Akatolewa kwenye kundi dakika ile ile.

Asubuhi alikwenda kwa sajenti wake, akaambiwa aache unoko. Hakuacha. Akapanda kwa afisa mmoja kijana, na yule afisa kwa kweli alifanya kazi. Simu zilikusanywa, vijana watatu wakashtakiwa, kuruta wale wakasikilizwa na daktari na mshauri, na kikosi kizima kikaitwa ukumbini kuelezwa. Simlaumu afisa huyo hata kidogo. Lakini koplo naye aliitwa, akapewa karipio la maandishi kwa kuruka ngazi. Karipio lile nililiweka kwenye jalada lake mimi mwenyewe.

Mwisho wa mwaka likaja mezani kwangu pendekezo la kumpongeza afisa "kwa kubaini na kukomesha utovu wa nidhamu mtandaoni". Nilisimama kwenye neno kubaini. Nilijua nani alibaini. Afisa hakuwa ameliandika yeye pendekezo lile, liliandikwa na mkubwa mwingine aliyetaka liwe fupi na lipite haraka. Ningeweza kunyanyuka, nikatembea hatua ishirini na kusema, "Afande, hapa kuna jina limesahaulika." Sikunyanyuka. Nilichapa, nikaweka kumbukumbu namba, nikapeleka kusainiwa.

Baada ya kustaafu nikaanza kusoma mambo haya, na kisa kilichonikosesha usingizi ni cha rubani wa helikopta wa jeshi la Marekani, Hugh Thompson. Tarehe 16 Machi 1968, kijiji cha My Lai huko Vietnam, aliona askari wa nchi yake wanaua wanakijiji, wanawake, wazee na watoto. Akatua kati ya askari na wanakijiji, akawaambia wenzake wawili, Lawrence Colburn na Glenn Andreotta, kwamba askari wale wakiendelea kuwapiga raia, wawafyatulie risasi. Waliwatoa hai watu kadhaa. Muda si mrefu Thompson akapewa nishani ya urubani, na maelezo yake yalisema alimwokoa mtoto aliyenaswa katikati ya mapigano makali ya pande mbili. Mapigano hayo hayakuwepo. Maelezo yalikuwa uongo uliopambwa ili mauaji yafichike, na Thompson akaitupa nishani ile. Nishani yenye maelezo ya kweli aliipata Machi 1998, miaka 30 baadaye, na alisisitiza kwamba itolewe hadharani na wale wenzake wawili wapewe pia. Andreotta alikuwa amekwisha kufa vitani wiki tatu tu baada ya siku ile.

Angalieni ni nishani gani walipewa mwaka huo 1998. Inaitwa Soldier's Medal, na imewekwa mahususi kwa ushujaa usiohusu kupambana na adui. Yaani jeshi lenye vita nyingi kama lile linakubali kwa maandishi kwamba kuna ushujaa ambao adui hayumo ndani yake. Umoja wa Mataifa nao mwaka 2014 ulianzisha nishani ya ujasiri kwa jina la Kapteni Mbaye Diagne wa Senegal, ambaye mwaka 1994 aliokoa watu wengi Rwanda bila silaha mkononi, akipita vizuizi vya wauaji kwa maneno na ucheshi wake mpaka alipouawa. Kwa hiyo anayemwambia mdogo wako kwamba bila risasi hakuna nishani, hajui historia ya nishani.

Kuhusu mtandao wenyewe, kisa kinachofanana zaidi ni cha Machi 2017. Thomas Brennan, askari mstaafu wa Marines wa Marekani aliyejeruhiwa Afghanistan, aliandika habari ya kundi la Facebook lenye watu kama 30,000, askari na wastaafu, waliokuwa wanasambaza picha za utupu za askari wa kike bila ridhaa yao. Alitishiwa yeye na familia yake, na waliomtishia walikuwa watu wa jeshi lake mwenyewe. Mwaka huo huo sheria ya kijeshi ya Marekani ikaongezwa kifungu kinachofanya usambazaji wa picha hizo kuwa kosa. Kwetu Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, na mwaka huo huo ikapitishwa pia ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Sheria tunazo. Pengo liko kwenye jalada la mtu.

Na hapa ndipo panaponiuma zaidi. Kuna nishani ya utumishi mrefu na tabia njema. Inaangalia kama jalada lako ni safi. Sasa wale walioziangalia picha, wakacheka, wakafuta, majalada yao yako safi. Koplo ana doa. Ukizifungua karatasi tu, bila kumjua mtu, utaona waliocheka ndio wenye tabia njema.

Nimesoma pia hofu ya mchangiaji mmoja kwamba tutazalisha wambea wanaopiga picha za skrini kila utani wa kambini ili wapate vyeti. Hofu hiyo ina msingi, nimewaona watu wa aina hiyo. Ila kuwatofautisha si kazi ngumu. Muulize mtu alikemea mbele ya wenzake kabla ya kwenda kwa mkubwa au alianzia kwa mkubwa. Muulize alipoteza nini. Mmbea hapotezi kitu.

Mleta mada, mwambie mdogo wako aandike maelezo yake leo, kabla kumbukumbu haijachuja. Aandike tarehe, saa, maneno aliyoyaandika kwenye kundi, na jina la mtu wa kwanza aliyemwambia. Ayapeleke kwa kufuata ngazi, abaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Picha zenyewe asizihifadhi kwenye simu yake wala asimtumie mtu. Kama pendekezo litaandikwa, aombe kwa adabu kujua limesema nini, na kama kuna mwenzake aliyesimama naye usiku ule, amtaje.

Koplo wetu hakuongeza mkataba. Yuko Mafinga, ana duka la mbao na watoto wawili. Mwaka jana nilipanda basi kwenda kumwambia kwamba ni mimi niliyechapa karatasi ile. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanitengea chai, kisha akaniuliza kama lile karipio bado limo kwenye jalada lake. Nikamwambia limo. Nimeshaandika barua kwa mkuu wa kikosi nikieleza nilichokiona na kuomba karipio lile lipitiwe upya. Imepokelewa, nina nakala yenye mhuri, ninasubiri.