Maswali ya Wasomaji: Farasi Mchanga na Kiasi cha Kazi

Swali: Nina farasi dume aliyehasiwa, mchanganyiko wa Thoroughbred (farasi wa mbio) na farasi wa Kisomali. Ana miaka 3 na miezi 4, uzito kama kilo 420. Tandiko amelizoea na ameshapandwa mara chache. Saisi ananiambia nimpande kila siku saa nzima, la sivyo atashika ukaidi. Jirani naye anasema mgongo wake hauko tayari mpaka atimize miaka 5. Nimsikilize nani?
*Msomaji, Nanyuki*

Jibu: Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, lakini ushauri wa saisi ndio utakaomuumiza farasi haraka zaidi, kwa hiyo tuanze na huo.

Mfupa wa farasi hurefuka kupitia tabaka la gegedu lililo karibu na ncha zake. Tabaka hilo hugeuka kuwa mfupa kamili kwa zamu, kuanzia chini ya mguu kwenda juu. Mfupa mrefu ulio chini ya goti la mbele humaliza kabla au karibu na mwaka 1. Sehemu iliyo juu ya goti hufunga kati ya miaka 2 na 2 na nusu. Nyonga na goti la nyuma husubiri hadi miaka 3 au 3 na nusu. Pingili za uti wa mgongo ndizo za mwisho, kwenye miaka 5 au zaidi kidogo. Farasi wako, basi, ana miguu ambayo karibu imekomaa na mgongo ambao bado. Umbo lisikudanganye: farasi mdogo wa Kisomali au wa Kiarabu hafungi mifupa mapema kuliko farasi mkubwa.

Jirani ameona vizuri kuhusu mgongo, ila kumwacha kabisa miaka miwili si dawa. Mfupa hujijenga kwa kutikiswa. Farasi mchanga anayefungiwa bandani hupoteza uimara wa mifupa, na yule anayekaa malishoni akikimbia mita 50 hadi 80 anapojisikia huujenga, hata kama mbio hizo ni chache kwa siku. Kano nazo hujifunza kubeba mzigo mapema kuliko ukubwani. Kwa hiyo mpe malisho mchana kutwa, na juu yake kazi fupi ya tandiko.

Shida kubwa ya farasi wa umri huu ni kwamba viungo vyake haviendi pamoja. Moyo na mapafu hukubali kazi ndani ya wiki chache. Misuli huchukua miezi kadhaa. Kano na mifupa huhitaji nusu mwaka, mara nyingi mwaka mzima. Ndiyo maana mwezi wa 3 wa mafunzo ni wa hatari: farasi hachoki, anaomba kwenda, mpandaji anafurahi na kuongeza mwendo, na miguu iliyo chini yake haijafika huko. Pumzi isiwe kipimo chako.

Uzito nao upigiwe hesabu. Farasi mzima hubeba hadi asilimia 20 ya uzito wake, tandiko likiwemo. Kwa mchanga tunakaa kwenye asilimia 15. Kilo 420 zinakupa kilo 63. Toa tandiko na hatamu, kama kilo 8, na anabaki mpandaji wa kilo 55. Ukizidi hapo, tafuta mtu mwepesi anayejua kukaa kwa utulivu umalizie naye mwaka huu.

Kwa miezi mitatu ya kwanza tungempanga hivi. Siku 4 kwa wiki, zisifuatane zote. Siku mbili apandwe dakika 20 hadi 25: dakika 10 za kutembea, kisha troti (mwendo wa mchakamchaka) ya dakika 1 au 2 na kupumzika kwa kutembea, ukirudia mpaka troti yote ifike dakika 6 au 8, umalizie kwa kutembea hatamu zikiwa zimelegezwa. Siku ya tatu usimpande. Mwendeshe kwa hatamu ndefu wewe ukitembea nyuma yake, dakika 15 hadi 20, mfundishe kusimama, kugeuka na kurudi nyuma hatua 3 au 4. Siku ya nne mtoe njiani pamoja na farasi mzee mtulivu, dakika 40 za kutembea tu, mpandie vilima vidogo. Kati ya siku hizi zote hiyo ndiyo tunayoipenda zaidi: inajenga mgongo na miguu ya nyuma, na inamfundisha kupita karibu na pikipiki, matope na mbuzi bila kuruka.

Kanta, yaani mwendo wa kasi kuliko troti, ianze baada ya wiki 6 hadi 8, nje, kwenye mstari ulionyooka na ardhi inayopanda kidogo, sekunde 30 tu. Usiianzie kwenye duara, maana hapo hutafuta usawa kwa kuelemea mguu mmoja.

Kila unapoongeza, ongeza kitu kimoja: muda, au mwendo, au ugumu wa ardhi. Baada ya wiki 8 hadi 12 mpe wiki 2 hadi 4 za malisho bila tandiko. Hatasahau. Akitimiza 4 anaweza kufikia siku 4 au 5 za dakika 40.

Kuhusu kumzungusha kwa kamba: watu wengi humzungusha nusu saa ili "kumtoa nguvu" kabla ya kumpanda. Acheni hilo. Duara dogo hupinda viungo vya chini kwa nguvu isiyo sawa, mguu wa ndani ukibeba zaidi, na kinachopatikana ni farasi mwenye pumzi ndefu zaidi wiki ijayo. Duara lisipungue mita 18 kutoka upande hadi upande, dakika 10 au 12 kwa jumla, ubadili upande wa kuzunguka kila dakika 2 au 3, na si zaidi ya mara 2 kwa wiki.

Na ukaidi anaouhofia saisi? Mara nyingi hutoka kwenye maumivu, uchovu au amri zinazopingana. Farasi anayefundishwa siku 1 au 2 kwa wiki huhitaji vipindi vichache zaidi kushika jambo jipya kuliko yule anayefundishwa kila siku. Akifanya vizuri jambo ulilomtaka, shuka, hata kama ni dakika ya 12.

Asubuhi inayofuata, kabla ya yote, pitisha viganja kwenye miguu yote minne, ukilinganisha wa kushoto na wa kulia. Joto nyuma ya mguu chini ya goti ni onyo la kano. Kinundu chenye joto upande wa ndani wa mguu wa mbele, chini ya goti, kinaonyesha kwamba utando wa mfupa umewashwa na kazi au ardhi ngumu. Kisha mkimbize ukiwa umemshika hatamu, mita 20 kwenye ardhi ngumu. Kichwa kikipanda na kushuka kwa kila hatua, hakuna kazi siku hiyo, na siku ya pili ikiendelea mwite daktari.

Swali: Habari zenu. Farasi wangu jike wa miaka 3 nampa pumba za ngano kilo 3 kwa siku na majani ya napia, kwa sababu anafanya kazi. Kwanza alipata nguvu. Sasa anachechemea, leo mguu huu, kesho ule, na fundi wa kwato haoni kitu. Nimpunguzie mazoezi?
*Mama wa Limuru*

Jibu: Mama, simamisha mazoezi yote leo, kisha tutazame ndoo ya chakula, kwa sababu tunashuku hapo kuliko kwato.

Pumba zina fosforasi nyingi na kalisi kidogo sana. Napia, na pia majani ya kikuyu yaliyojaa huko kwenu, yana oksaleti, ambayo hushika kalisi tumboni isiingie mwilini. Ng'ombe hustahimili kwa sababu vijidudu vya tumbo lake huvunja oksaleti kabla haijafanya madhara. Farasi hana tumbo la namna hiyo. Akikosa kalisi kwa njia mbili kwa pamoja, mwili wake huitoa kwenye mifupa. Dalili ya kwanza ni kuchechemea kunakohama mguu hadi mguu na hatua fupi, ngumu. Baadaye mifupa ya uso huvimba pande zote mbili, juu ya mstari wa meno, na kutafuna kunamuuma. Farasi mchanga anayepandwa huku mifupa yake ikinyonywa hivi anaweza kuvunjika.

Badilisha chakula polepole ndani ya siku 7 hadi 10 ili asipate msokoto wa tumbo. Weka hei (nyasi zilizokaushwa) ya Boma Rhodes iwe msingi. Farasi wa kilo 400 ale kilo 6 hadi 8 za hei kavu kwa siku. Ongeza luseni kilo 1 au 2, ambayo ina kalisi nyingi. Pumba ziondoke, na daktari wa mifugo apange kiasi cha chokaa ya malisho baada ya kumpima. Katika chakula chote kalisi iwe karibu mara 1 na nusu hadi 2 ya fosforasi. Chumvi, kijiko kikubwa kimoja kwa siku. Mifupa hujazwa tena kwa miezi mingi, basi usimrudishe kwenye tandiko kwa sababu tu ameacha kuchechemea. Daktari ndiye aamue.

Farasi mchanga wa kazi nyepesi hahitaji nafaka nyingi hata kidogo. Wengi wanaoletwa kwetu kuwa "wana wazimu" wanashiba mahindi na kukaa bandani.

Swali: Shikamooni. Farasi wangu, miaka 3 na nusu, alikuwa akienda vizuri miezi miwili. Sasa akivaa lijamu anatikisa kichwa, anafungua mdomo na kukataa kugeuka kulia. Nimkaze zaidi?
*Kijana wa Usa River, Arusha*

Jibu: Marahaba. Hapana, usimkaze, anakuambia kwamba panauma.

Katika umri huo farasi hubadili meno. Ya mbele hubadilishwa kwenye miaka 2 na nusu, 3 na nusu, na 4 na nusu, na magego ya mbele kati ya 2 na nusu na 4. Kofia ya gego la utoto, yaani ganda la gego la zamani lililobaki juu ya jipya, inaweza kubaki imening'inia upande mmoja na kuchoma shavu. Kuna pia kijino kidogo kinachoota mbele ya magego, pale pale lijamu inapopita, ambacho daktari hukitoa kwa muda mfupi farasi akiwa ametulizwa kwa dawa. Mwite atazame kwa taa na chombo cha kufungulia mdomo. Usiingize mkono mwenyewe.

Wakati unasubiri, mtembeze kwa hatamu isiyo na lijamu. Na utazame tandiko pia, kwani miezi miwili ya kazi hubadili mgongo wa farasi mchanga. Ukimvua, jasho liwe sawa pande zote. Sehemu kavu katikati ya jasho ni mahali tandiko linapobana. Rudia ukaguzi kila wiki 6 hadi 8.

Swali: Assalaam aleikum. Mimi ni saisi, Mtanzania, nafanya kazi Oman. Kuna farasi wa Kiarabu wa miaka 4, tajiri anataka aanze kukimbia kilomita 40 kwa mashindano ya masafa marefu. Naona mapema, lakini nitasemaje?
*Saisi, Oman*

Jibu: Waaleikum salaam, ndugu yetu. Unaona sawa. Mwaka wa 4 wa farasi wa masafa ni wa kwenda mbali polepole: kutembea na troti nyepesi, kilomita 8 hadi 15, mara 3 kwa wiki, bila saa ya mashindano.

Tajiri huamini tarakimu kuliko maneno, kwa hiyo shika daftari. Andika mapigo ya moyo alfajiri akiwa ametulia (kwa kawaida 28 hadi 44 kwa dakika), andika umbali, na mapigo dakika 10 na dakika 15 baada ya kusimama. Mashindano mengi ya masafa hutaka yashuke hadi 64 au chini. Mwonyeshe kwamba siku yanapokawia ni siku alipozidishiwa, na kwamba mapigo ya alfajiri yanapopanda kwa 8 au 10 kuliko kawaida, farasi hajapona kazi ya jana.

Kwenye joto maliza kazi kabla jua halijakolea. Akirudi amewaka, mmwagie maji baridi mwili mzima mfululizo, shingo, kifua na mapaja, huku akinywa anavyotaka. Kumkausha kila mara hakuhitajiki, endelea tu kumwaga. Yale ya kwamba maji baridi hukamata misuli yasikuzuie; joto lililobaki mwilini ndilo la kuogopwa.

Swali: Farasi mchanga aanze kuruka vizuizi lini?
*Msomaji, Karen*

Jibu: Akiwa na miaka 3, atembee juu ya vijiti vilivyolazwa chini. Akiwa na 4, vizuizi vya sentimita 40 hadi 50, mara moja kwa wiki, miruko 8 au 10 basi. Hakuna haraka: kwenye Olimpiki farasi wa kuruka haruhusiwi kuwa chini ya miaka 9.

Swali: Farasi wangu amechanjwa juzi dhidi ya ugonjwa wa farasi wa Afrika. Naweza kumpanda?
*Msomaji, Naivasha*

Jibu: Chanjo hiyo ni ya virusi hai waliodhoofishwa, na hutolewa kwa chupa mbili zinazopishana wiki 3 au zaidi. Baada ya kila chupa mwache wiki 2 bila kazi ngumu. Kumtembeza ukiwa umemshika hatamu kunatosha. Mpime joto kila asubuhi, na likipita 38.5 mjulishe daktari kabla ya kumfanyisha lolote. Kumbuka chanjo haijakamilika mpaka chupa ya pili ifanye kazi, kwa hiyo mwingize bandani kabla jua halijazama na umtoe likishapanda, maana visubi wanaoeneza ugonjwa huo huuma zaidi kuanzia magharibi hadi alfajiri.