CP/M-86 iliangushwa na bei, si na ndege ya Kildall

Ndugu, umeuliza kama DOS, mfumo endeshi (programu kuu inayoendesha kompyuta) wa Microsoft, iliishinda CP/M kwa sababu Gary Kildall, muundaji wa CP/M, alikuwa anarusha ndege siku IBM walipomfuata kutaka mfumo wake. Kisa hicho kinapendwa mno, lakini kinamwonea marehemu. IBM PC ilipozinduliwa Agosti 1981, IBM wenyewe walitangaza mifumo endeshi mitatu: PC DOS (jina la DOS kwenye mashine za IBM), CP/M-86 (toleo la CP/M kwa mashine hizo) na UCSD p-System. Mnunuzi alikuwa huru kuchagua. Sasa tazama bei: PC DOS dola 40, CP/M-86 dola 240. Mara sita! Nani angelipa? Tena CP/M-86 ilifika madukani mwaka 1982, mashine zikiwa zimeshaanza kuuzwa na DOS.

Kinachoniuma hasa ni hiki: DOS aliiandika Tim Paterson pale Seattle Computer Products, kabla Microsoft hawajainunua, na aliifuatisha CP/M kwa makusudi ili programu za zamani zihamishike kwa urahisi. Hata ile alama ya A> tuliyoizoea kwenye skrini ya DOS ilitoka kwa Kildall.