Maswali ya Wasomaji: Picha ya Mwalimu, ushahidi wa muujiza na skapulari

*Tumsifu Yesu Kristo. Jumuiya yetu imepanga kuchapisha kadi za Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere na kuweka picha yake kanisani kigangoni. Wenzetu wengine wanapinga. Nani yuko sahihi? – Mwanajumuiya, Songea*

Milele, amina. Mtumishi wa Mungu ni jina la hatua ya kwanza kuelekea kutangazwa mtakatifu. Kadi chapisheni, ila kwa masharti. Picha isiwekwe kanisani. Ukumbi wa parokia, ofisi au darasa panafaa.

Katazo hili ni la tangu Papa Urbano VIII, karne ya 17: mtu asipewe heshima ya hadhara ya kitakatifu kabla Kanisa halijatoa uamuzi. Na si sheria ya kwenye makaratasi tu. Wakati wa uchunguzi wa jimbo, wahusika hukagua kaburi, nyumba aliyoishi na mahali pengine panapohusika, kisha hutolewa tamko rasmi kwamba heshima hiyo haijatolewa. Mshumaa unaowaka mbele ya picha pembeni mwa altare unaweza kukwamisha jambo lile lile mnalolitamani, yaani atangazwe mtakatifu.

Kwenye kadi wekeni picha ya kawaida, bila duara la mwanga kichwani. Aitwe Mtumishi wa Mungu, basi. Sala iwe ile yenye kibali cha askofu, msitunge yenu, kwa sababu zinazotungwa huwa hazikosi “Mtakatifu Julius, utuombee”. Ongezeni maneno “kwa matumizi binafsi” pamoja na anwani ya ofisi inayoshughulikia mchakato, ili aliyepata neema ajue pa kuandika. Novena (sala ya siku tisa) nyumbani haina tatizo. Katika Litania ya Watakatifu jina lake lisitajwe. Misa ya kumwombea marehemu ni halali kabisa, hata kama baadhi ya waamini wanaiona kama kumshushia hadhi.

Huenda mnajiuliza pia mbona kutangazwa kwake kunachelewa. Kwa kawaida mchakato haufunguliwi kabla ya miaka 5 tangu kifo. Mwalimu alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, na Jimbo la Musoma likaanza kazi mwaka 2005. Kinachotafutwa sasa ni uthibitisho wa fadhila za kishujaa: imani, matumaini, mapendo, busara, haki, kiasi, nguvu. Kwa mtawa aliyeishi na kufa ndani ya konventi, mashahidi na maandishi huwa machache. Kwa mtu aliyeongoza nchi zaidi ya miaka 20, maandishi yake yanapaswa kusomwa na wanateolojia, nyaraka zinazomhusu zikusanywe, na mashahidi waulizwe hata yale maamuzi yaliyowaumiza watu. Mashahidi wanaompinga nao husikilizwa. Kwa maoni yetu, anayetaka kazi hiyo ifanywe haraka hajafikiria ukubwa wa kabati la mafaili.

*Shangazi yangu alipona baada ya familia kumwomba Mwenyeheri Irene Stefani. Tunawezaje kujua kama ni muujiza, na habari tuzipeleke wapi? – Msomaji, Nyeri*

Kwanza tazameni tarehe. Sista Irene, Mmisionari wa Consolata ambaye Wakikuyu walimwita Nyaatha, alitangazwa mwenyeheri, hatua ya mwisho kabla ya utakatifu, huko huko Nyeri tarehe 23 Mei 2015. Muujiza wa kumfikisha kwenye utakatifu lazima uwe umetokea baada ya siku hiyo. Kama shangazi alipona kabla, habari yake haitahesabiwa kwa hatua hii.

Pili, faili la hospitali. Hapa ndipo kesi nyingi hufia. Zinahitajika karatasi za *kabla* ya kupona: vipimo, picha za eksirei au skani, jina la ugonjwa kama daktari alivyoliandika, na matarajio yake. Bila hizo, cheti cha leo kinachosema “mzima” hakithibitishi kitu. Ombeni nakala mapema, maana mafaili ya zamani hupotea.

Tatu, andikeni nani aliomba, lini, na alimwomba nani. Familia iliyosali kwa Nyaatha, Mtakatifu Rita na Mtakatifu Antoni kwa wakati mmoja itapata shida kuonyesha ni nani aliyewaombea.

Nakala zipelekwe kwa askofu wa jimbo ambako uponyaji ulitokea, kwani ndiye anayefanya uchunguzi, na kwa masista wa Consolata. Madaktari wawili humpima aliyepona. Huko Roma jopo la madaktari, kwa kawaida 7, huuliza kama uponyaji ulikuwa wa haraka, kamili, wa kudumu na usioelezeka kisayansi. Kwa kanuni za mwaka 2016, angalau 5 kati ya 7 wakubali, na kesi haichunguzwi zaidi ya mara 3. Baadaye ni zamu ya wanateolojia, makardinali na maaskofu, hatimaye Papa.

Muujiza si lazima uwe uponyaji. Uliomfanya Nyaatha mwenyeheri ni wa maji: Januari 1989, vitani, watu waliojificha kanisani Nipepe, Msumbiji, walikunywa na kutumia maji ya kisima cha ubatizo kilichochongwa kwenye gogo, nayo yakawatosha kwa siku kadhaa.

*Skapulari ya kahawia huvaliwaje? Medali inatosha? – Msomaji, Bukavu*

Ni vazi dogo la ibada kwa Bikira Maria: vipande viwili vya kitambaa cha sufu cha kahawia vilivyounganishwa kwa kamba mbili. Kimoja hukaa kifuani, kingine mgongoni. Vyote viwili vikining'inia kifuani, haijavaliwa. Mara ya kwanza padre au shemasi huibariki na kukuvisha kwa ibada yake, nayo lazima iwe ya kitambaa. Baada ya hapo, tangu ruhusa ya Papa Pius X mwaka 1910, unaweza kuvaa medali iliyobarikiwa, yenye Moyo Mtakatifu upande mmoja na Bikira Maria upande wa pili.

Kwenu Kongo mnaye Mwenyeheri Isidore Bakanja, kijana kibarua wa Ikili aliyekataa kuivua. Mwaka 1909 msimamizi wa shamba aliamuru apigwe kwa mjeledi wa ngozi ya tembo wenye misumari, na vidonda vikamuua miezi 6 baadaye.

Ikichakaa, nunua nyingine uvae, huhitaji kuvishwa upya. Ile ya zamani ichome au uizike.