Kengele ya geti na pampu yako ya bluu

Mwanangu Mwende,

Habari za Kisumu? Hapa Buruburu baridi ya Julai imekaza, na jirani wa chini ameanza tena kuwasha jiko la makaa barazani. Kifua changu kinanikumbusha ni nani aliyekurithisha pumu.

Ile sauti uliyonitumia usiku nimeisikiliza mara mbili. Unasema zamani ukivuta pampu ya bluu mara mbili unatulia, lakini siku hizi unavuta mara nne, tano, na bado kifua kinabana. Ukauliza: dawa ni feki, au mwili umeizoea? Na kama umeizoea, unazoeaje hasa?

Duka ulikoinunua silijui, kwa hivyo la ufeki siwezi kuliapia. La kuzoea nalijua kiasi. Sikufundisha baiolojia miaka 27 bure.

Dawa iliyomo ni salbutamoli. Kazi yake ni kuiga adrenalini, ile homoni mwili unayoimwaga ukishtuka. Misuli inayozunguka njia za hewa ina vipokezi vya adrenalini vinavyoitwa beta-2. Kimoja ni uzi wa asidi amino 413, yaani vipande vinavyojenga protini, umepenya utando wa seli mara saba, na mkia wake unaning'inia ndani. Dawa ikikigusa kwa nje, mjumbe wake aitwaye protini ya G anaamka kwa ndani, ujumbe unasambaa kwenye seli, msuli unalegea. Unapumua.

Sasa mkumbuke yule mtoto wa namba 14 aliyekuwa akibonyeza kengele ya geti letu kutwa nzima, ile ya betri. Mzee wa geti kwanza aliifunika kwa kiganja. Mtoto hakukoma. Mzee akaleta bisibisi, akaing'oa, akaitia kwenye droo ya kibanda chake. Nilikuwa nimesimama pale na sukuma wiki mkononi, nikamwona akizitia skrubu mbili kwenye mfuko wa shati.

Seli hufanya vivyo hivyo. Kipokezi kikichokozwa sana, kimeng'enya kiitwacho GRK kinakipachika mkiani alama ya kikemikali iitwayo fosfeti. Alama hiyo inaiita protini nyingine, beta-arestini, nayo inakuja kukalia pale pale protini ya G ilipozoea kushika. Hicho ndicho kiganja, na kazi yenyewe haichukui hata dakika nyingi. Kisha arestini inaziita protini nyingine: klathrini inasuka kikapu chini ya utando, dainamini inakaba shingo ya kikapu, na kipokezi kinamezwa ndani. Wewe unavuta dawa. Inafika, kengele haipo.

Arestini ilijulikana kwanza machoni, ambako hunyamazisha kipokezi cha mwanga. Binamu yake wa upande wa adrenalini, hiyo beta-arestini, aligunduliwa mwaka 1990 katika maabara ya Robert Lefkowitz huko Marekani. Mwaka 2012 Lefkowitz na Brian Kobilka wakagawana Nobel ya kemia kwa kazi yao juu ya vipokezi vya aina hii.

Kipokezi kilichomezwa hakijafa. Kinafika kwenye kifuko kiitwacho endosomu, na huko ncha ya mkia wake, asidi amino nne tu za mwisho, ndiyo inayoamua mengi. Protini iitwayo SNX27 inaitambua ncha hiyo na kukikabidhi kipokezi kwa kundi liitwalo retroma, ambalo hukirudisha juu kikafanye kazi tena. Watafiti wakiiharibu ncha ile, kipokezi kinaishia kwenye lisosomu, kinu cha taka cha seli, na kusagwa. Hata kipokezi kizima, kikichokozwa saa baada ya saa, kinaweza kubandikwa yubikwitini, protini ndogo iliyo kama lebo ya taka, na kupelekwa huko huko, na kutengeneza kipya kunachukua muda.

Kuna jambo moja nililolifundisha vibaya, Mungu anisamehe. Niliwaambia wanafunzi kwamba kipokezi kikishamezwa kimenyamaza. Mwaka 2013 watafiti walitumia kingamwili vidogo vilivyotokana na mnyama aitwaye lama, vilivyopachikwa protini ing'aayo, ambavyo hushika kipokezi kilichoamka tu. Vikaonekana vimekusanyika, vinang'aa, kwenye endosomu. Kipokezi kilikuwa kinaendelea kutuma ujumbe kutoka ndani! Nilipoisoma habari hiyo nilimcheka mzee wa geti, kwa sababu jioni ile aliifunga droo kwa nguvu na kengele ikalia humo humo.

Lakini usije ukasema shida yako yote ni vipokezi kupungua. Kubwa zaidi ni uvimbe ndani ya njia za hewa, na pampu ya bluu haiugusi. Inalegeza misuli, basi. Ile ya kahawia uliyoandikiwa mwaka juzi ukaiacha eti "haifanyi kitu" ndiyo inayotuliza uvimbe, tena steroidi iliyomo huzifanya seli zitengeneze vipokezi vya beta-2 zaidi. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu uitwao GINA haupendekezi tena mtu mzima kutibiwa pumu kwa dawa ya kufungua kifua haraka peke yake. Kwa hivyo niliudhika kidogo kusikia umemaliza kopo tatu bila kumwona daktari. Sikugombezi. Ndiyo, nakugombeza.

Nenda kliniki wiki hii, ubebe pampu zote mbili. Ikifika mahali huwezi kumaliza sentensi bila kuhema, usinipigie mimi. Mwamshe jirani mwenye gari akukimbize hospitali.

Na lile la feki sijalisahau. Nipigie picha maandishi yaliyo kwenye kopo, namba ya toleo na tarehe ya kuisha, kwa mwanga wa mchana. Ile uliyonitumia jana ilikuwa giza tupu na kidole chako.

Mama