Ukisoma chanzo cha Vita vya Kwanza vya Dunia, usianzie Sarajevo

Nimefundisha historia sekondari kwa miaka mingi, na karibu kila insha ninayosahihisha juu ya mada hii hufunguliwa na kuuawa kwa Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha enzi cha Austria-Hungary, mjini Sarajevo tarehe 28 Juni 1914. Baada ya hapo huja orodha: utaifa, ubeberu, silaha, miungano. Maneno manne yamepanga foleni, wala hakuna linalomjua mwenzake.

Nakushauri uanzie 1871, na kila hatua ujiulize: nani anamwogopa nani, na kwa nini wakati huu? Mwaka huo Ujerumani iliishinda Ufaransa, ikatwaa Alsace na sehemu ya Lorraine. Bismarck, chansela wa Ujerumani, alijua Wafaransa hawatasahau, basi akahangaika kuwanyima marafiki, Urusi hasa. Alipoondoka madarakani mwaka 1890, waliomrithi wakaacha mkataba wa siri na Urusi ufe. Kufikia 1894 Urusi na Ufaransa zilikuwa zimeshaungana, Ujerumani iko katikati. Hofu hiyo ndiyo iliyozaa mpango wa kuipiga Ufaransa upesi kupitia Ubelgiji, kabla Urusi haijakusanya majeshi. Ukishika hapo, utaelewa kwa nini reli za Urusi, zilizojengwa kwa mikopo ya Wafaransa, ziliwakosesha usingizi majenerali wa Berlin. Utaelewa pia kwa nini ugomvi wa Austria-Hungary na Serbia haukuishia Balkan.

Kwenye makoloni natofautiana na vitabu vingi vya kiada, vinavyosema kugombea makoloni ndiko kulikoleta vita. Soma mkataba wa Heligoland na Zanzibar wa 1890. Ujerumani ilikubali Zanzibar iwe chini ya ulinzi wa Uingereza, nayo ikapewa kisiwa cha Heligoland kule Bahari ya Kaskazini. Waligawana nchi za watu bila kuwauliza wenyewe, jambo linaloniuma hadi leo, lakini hawakurushiana risasi hata moja. Hata mvutano wa reli ya Baghdad, iliyokuwa ikijengwa na Wajerumani katika dola ya Uthmaniyya, Uingereza na Ujerumani zilikuwa zimeshaumaliza mezani kufikia Juni 1914. Migogoro ya Ufaransa na Ujerumani juu ya Morocco ya 1905 na 1911 iliongeza uhasama, sikatai. Kilichoitia hofu London zaidi ni manowari: sheria za 1898 na 1900 ziliiwezesha Ujerumani kuunda jeshi kubwa la majini karibu kabisa na pwani ya Uingereza, na Heligoland ileile ikageuzwa ngome yake.

Miungano nayo iandike kwa uangalifu. Usiseme iliwaburuta wote vitani. Italia ilikuwa upande wa Ujerumani na Austria-Hungary tangu 1882, lakini mwaka 1914 ilikaa pembeni, na mwaka uliofuata ikaingia vitani dhidi ya Austria-Hungary. Uingereza haikuwa na mkataba wa kuilazimisha kuipigania Ufaransa, lakini iliingia Ujerumani ilipoivamia Ubelgiji. Mwanafunzi anayenieleza kwa nini Italia ilibaki nje na Uingereza ikaingia, nampa alama nyingi kuliko aliyekariri tarehe zote.