Mita inasoma volti 231, mbona pasi haipati moto?

SWALI: Shikamoo fundi. Soketi ya chumbani ikipimwa inasoma volti 231, lakini pasi ya wati 1000 inachelewa sana kupata moto na soketi inachemka. Kwa jirani pasi hiyohiyo haina shida. Fundi wa mtaani kaingiza testa, ikawaka, akasema umeme uko safi, ninunue stabilaiza. Ninunue? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Marahaba. Usinunue. Na hiyo pasi acha kuichomeka hapo kuanzia leo.

Hizo volti 231 zimepimwa soketi ikiwa haina mzigo, yaani hakuna kifaa kinachovuta umeme, kwa hiyo hazikuambii lolote kuhusu uzima wa njia. Mita ya dijitali ina ukinzani wa ndani wa takriban omu milioni 10. Umeme inaouvuta ni kama hakuna. Tuseme kuna jointi iliyolegea yenye omu 5. Mita haitaiona kabisa. Pasi yako ina omu 53 hivi, inavuta karibu ampea 4. Zikipita kwenye zile omu 5, volti 20 zinapotelea hapo, na wati kama 80 zinageuka joto ndani ya plastiki. Balbu ya zamani ya wati 60 ilikuwa haishikiki; piga hesabu mwenyewe.

Pima upya, mzigo ukiwepo, dakika moja tu inatosha. Waya mweusi wa mita kwenye COM, mwekundu kwenye V, kamwe si kwenye tundu la 10A: ukipima soketi ukiwa kwenye ampea umepiga shoti kwa mkono wako. Chomeka ekstensheni isiyo na kasoro, pasi iingie tundu moja, upime tundu la pili. Waya wa shaba wa milimita mraba 2.5 wenye urefu wa mita 15 unapoteza volti 1 tu kwa mzigo huo. Zikishuka 10 au 20, pima na kwenye breka huku pasi ikivuta. Pale nako zikishuka vilevile, tatizo liko kabla ya breka, huenda hata kwenye mita ya luku au nguzoni, na huko ni kwa TANESCO. Zisiposhuka, ni soketi au jointi ya njiani.

Zima mein switchi, hakikisha soketi imekufa, fungua. Waya ulioungua ukawa mweusi au mkavu ukate mpaka shaba ing'ae, menya milimita 10, kunja ncha, kaza skrubu, kisha uuvute kwa nguvu. Soketi iliyochemka haisuguliwi msasa. Bati zake za ndani zimeshapoteza mkazo. Weka mpya.

Sasa hii testa. Inawaka kwa umeme mdogo mno unaopita mwilini mwako, na inaonyesha fezi peke yake, yaani waya unaoleta umeme. Nyutro, waya wa kurudisha umeme, ikikatika bado itawaka, na kama kuna kifaa kimewashwa itawaka matundu yote mawili. Hapo ndipo utasikia eti "kuna laini mbili", na inafuata dawa ya kienyeji: nyutro inaibwa kutoka waya wa ethi, ule wa usalama unaoshuka ardhini. Kweli pasi itapata moto, mteja atafurahi. Lakini umeme wote wa pasi sasa unashukia kwenye fimbo ya ethi, na kiangazi fimbo hiyo kufika omu 50 si ajabu. Pasi ina 53, kwa hiyo volti zinagawana nusu kwa nusu: zaidi ya 110 zinabaki kwenye bodi ya friji, jiko na kila chuma kilichofungwa ethi nyumbani. Nyumba yenye RCD, kifaa kinachokata umeme ukivuja, itakata papo hapo, naye fundi huyohuyo atakwambia RCD ni mbovu, aipite kwa waya. Akifika hapo, zima mein switchi na umtoe nje kabla hajagusa waya wa pili.